Kifuniko Kidogo, Lenzi Ghali: Historia ya Vifuniko vya Darubini na Jinsi ya Kuchagua Chako



Tumezoea kuzungumza hapa kuhusu mbegu, mbolea na ghala. Leo tunazungumzia kitu kidogo kuliko kisoda cha soda: kifuniko cha lenzi ya darubini. Hasa kile kinachofungwa kwenye darubini ya bunduki, chenye bawaba na springi, ambacho ukikigusa kwa kidole gumba kinafyatuka na kufunguka.

Utauliza, hili linanihusu nini? Kama unalima jirani na hifadhi, unajua. Vikundi vingi vya kulinda mashamba sasa vina darubini ya mkono, ile ya macho mawili, ili aliye juu ya dungu awaone tembo wakiwa bado mbali. Askari wa wanyamapori wanaoitwa kusaidia huja na silaha, na nyingine zina darubini juu yake. Na wewe mwenye duka umeshaulizwa vifuniko vyake, ukaagiza, vikafika, havikuenea. Lenzi ikipofuka, aliye juu ya dungu anaona kivuli tu, na kivuli cha tembo na cha ng'ombe wa jirani alfajiri vinafanana sana.

Njia nzuri ya kuelewa jinsi ya kuchagua kifuniko ni kujua kilikotoka. Kila sehemu yake iliwekwa kwa sababu ya tatizo fulani, na matatizo hayo mengi bado tunayo.

Mwanzo: bamba la shaba nyeupe baharini

Darubini ilianza kujulikana Uholanzi mwaka 1608, pale fundi wa miwani Hans Lipperhey alipoomba hati ya ugunduzi wake. Mwaka uliofuata, 1609, Galileo Galilei wa Italia alitengeneza ya kwake na kuielekeza angani.

Darubini zilipoingia kwenye meli, adui wa kwanza wa lenzi akaonekana: maji ya chumvi. Tone la maji ya bahari likikauka juu ya kioo huacha chumvi, na anayeifuta akiwa na haraka anaisugua humo humo. Kufikia karne ya 19 darubini nyingi za mabaharia zilikuwa na kofia ya shaba nyeupe inayosukumizwa mbele, na upande wa jicho kibamba kidogo kilichoshikiliwa kwa pini, ambacho unakisogeza pembeni kwa kidole ukitaka kuangalia.

Kumbuka kibamba hicho. Hakiondoki kwenye darubini, kwa hiyo hakipotei, na kinafunguka kwa kidole kimoja. Hicho ndicho babu wa kifuniko cha kufyatua tunachokitafuta leo. Kofia ya mbele, iliyokuwa inatoka kabisa, ndiyo iliyokuwa ikidondoka baharini.

Darubini inapanda juu ya bunduki

Katika miaka ya 1830 na 1840, jimboni New York nchini Marekani, mhandisi John R. Chapman na fundi bunduki Morgan James walitengeneza darubini ya kufunga juu ya bunduki. Mwaka 1855 William Malcolm wa mji wa Syracuse, jimbo hilo hilo, alianza kutengeneza zake kwa lenzi bora zaidi zilizopunguza rangi za pembeni zinazofifisha picha. Darubini hizo zilikuwa mirija myembamba mirefu, nyingine ndefu sawa na mtutu wenyewe. Baadhi ya walenga shabaha walizitumia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865.

Hapa tatizo likawa jingine. Darubini ya baharia hukaa mfukoni au kwenye mkoba, na hutolewa wakati wa kutumiwa. Ya bunduki hukaa nje muda wote. Inapita kwenye vichaka, inalowa umande, inalazwa chini kwenye vumbi. Ndiyo maana wawindaji walianza kutafuta kinga ya kudumu, na kwa zama zile kinga iliyokuwa karibu ilikuwa ngozi.

Zama za ngozi, na kasoro yake

Ujerumani na Austria ndiko darubini fupi na imara za bunduki zilikoendelezwa kuanzia mwisho wa karne ya 19. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, nyingi zilitoka mikononi mwa wawindaji na kuingia kwenye mahandaki ya tope. Kifuniko cha kawaida kilikuwa vikombe viwili vya ngozi, kimoja mbele kimoja nyuma, vilivyounganishwa kwa mkanda unaopita juu ya darubini.

Uingereza nayo ilijifunza kwa taabu. Mwindaji na mwandishi Hesketh Hesketh-Prichard alianzisha shule ya walenga shabaha nyuma ya mstari wa vita Ufaransa mwaka 1916. Alikuta askari wamepewa vifaa vya thamani bila kufundishwa kuvirekebisha wala kuvitunza. Sehemu kubwa ya kazi yake ikawa kufundisha hayo mawili. Sisi maafisa ugani tunaijua hali hiyo: kinyunyizio kipya kinaletwa kijijini, mafunzo hayaletwi, na baada ya msimu mmoja pua zimeziba.

Vifuniko vya ngozi au turubai vyenye mkanda viliendelea hadi Vita Kuu ya Pili. Darubini za Wasovieti na za Waingereza zilikuwa navyo, na Waingereza waliongeza kopo la chuma la kuhifadhia darubini inapotolewa kwenye bunduki.

Ngozi ilikuwa na uzuri wake: haipigi kelele, haivunjiki, na fundi yeyote wa viatu anaweza kuishona upya. Lakini ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, ikilowa inavimba, ikikauka inasinyaa, hivyo kifuniko kilichoenea vizuri Januari kinaweza kugoma kuingia Juni. Pili, na hii ndiyo kubwa, ngozi ni chakula cha kuvu.

Somo kutoka nchi za joto

Kati ya mwaka 1942 na 1945 majeshi ya Australia na Marekani yalipigana katika misitu ya New Guinea na visiwa vya Pasifiki. Huko joto na unyevu havipungui. Darubini nzima nzima zilianza kupofuka zikiwa hazijaanguka wala kupigwa. Zilipofunguliwa, ndani ya kioo zilikutwa nyuzi nyembamba kama utando wa buibui: kuvu.

Wanasayansi wa Australia, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Melbourne, walipewa kazi ya kutafuta dawa. Walichobaini ni muhimu kwetu. Kuvu hali kioo. Anahitaji chakula kidogo sana tu: alama ya kidole yenye mafuta, vumbi, mdudu aliyekufa ndani, au ngozi na gundi ya kifaa. Kisha anahitaji unyevu na hewa isiyotembea. Akishakua, hutoa tindikali inayochimba kioo, na alama hiyo haifutiki.

Sasa fikiria kifuniko kilichobana vizuri kwenye darubini iliyonyeshewa. Umeufungia unyevu ndani, gizani, bila hewa. Ni sawa kabisa na kumwaga mahindi mabichi kwenye mfuko wa kinga njaa. Mfuko si mbaya, kosa ni unyevu ulioingia nao. Tunasisitiza mahindi yakauke hadi asilimia 13 kabla ya kufunga mfuko. Kwa darubini, kanuni ni ile ile: kausha kwanza, funika baadaye.

Msaada uliosambaa sana katika vita hivyo ni silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu. Mkemia Walter A. Patrick wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alipata hakimiliki ya namna ya kuitengeneza mwaka 1919. Wewe mwenye duka la viatu unazitupa kila siku: ni zile paketi ndogo ndani ya boksi. Usizitupe tena.

Kwa nini shati lako ni hatari kuliko vumbi

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanafizikia wa kampuni ya Zeiss mjini Jena, Ujerumani, alisajili njia ya kupaka lenzi utando mwembamba sana unaozuia mwanga kurudishwa nyuma.

Kioo kisichopakwa hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kila upande. Darubini ina vioo kadhaa. Ukiwa na pande 10 za kioo, karibu theluthi moja ya mwanga inapotea kabla haijafika jichoni. Mchana hutaona tofauti kubwa. Alfajiri na magharibi, saa ambazo tembo na nguruwe pori huingia shambani, theluthi hiyo ndiyo inayoamua kama utamwona au hutamwona. Utando wa Smakula ulirudisha sehemu kubwa ya mwanga huo. Ujerumani iliufanya siri ya kijeshi wakati wa vita, na baada ya vita ukasambaa duniani. Ile rangi ya zambarau au kijani unayoiona ukiinamisha lenzi ni utando huo.

Unene wake ni karibu sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Zile tando za kwanza zilikuwa laini hata kitambaa kikavu kiliweza kuziondoa. Za siku hizi ni ngumu zaidi, lakini hesabu ya mchanga haijabadilika. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kioo cha kawaida kiko kati ya 5 na 6. Chembe za kwatzi zilizomo kwenye mchanga na vumbi letu ziko 7. Yaani vumbi ni gumu kuliko lenzi yako.

Vumbi likikaa juu ya lenzi, halijaiumiza bado. Anayeiumiza ni wewe, unapokamata upindo wa shati au kona ya kanga na kusugua. Kwa hiyo kazi kubwa ya kifuniko ni kukupunguzia sababu ya kufuta. Kifuniko kizuri ni kile kinachofanya ufute mara moja kwa mwezi badala ya mara tano kwa siku.

Naitrojeni, plastiki na springi

Tatizo la ukungu wa ndani lilipata jibu mwishoni mwa miaka ya 1940. Kampuni ya Leupold ya jimbo la Oregon, Marekani, iliyoko kwenye ukanda wa mvua nyingi, ilianza kutengeneza darubini za bunduki zilizozibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni kavu badala ya hewa ya kawaida. Hakuna unyevu ndani, hakuna ukungu wa ndani. Watengenezaji wengine wakafuata, na leo darubini nyingi nzuri zimejazwa hivyo.

Lakini naitrojeni hukaa ndani. Mvua, tope na umande vinabaki nje, na kazi ya kifuniko ikabaki pale pale. Plastiki ya bei nafuu ilipoenea katika nusu ya pili ya karne ya 20, watengenezaji walirudi kwenye wazo la kale la baharia: kifuniko kisichoondoka. Wakaweka pete ya plastiki inayobana ncha ya darubini, bawaba, na springi ndogo. Bonyeza, kimefunguka. Jina la Butler Creek la Marekani lilijulikana sana kwa aina hii, hasa kwa orodha yake ya namba za vipimo.

Aina utakazokutana nazo

*Viwili vilivyounganishwa kwa mpira.* Ni mtoto wa kile cha ngozi. Ni rahisi na haichagui sana kipimo. Kasoro: ili uone lazima utoe vyote viwili, kisha vinaning'inia au vinapotea. Mpira ukiachwa juani unapasuka.

*Vya kufyatua vya plastiki.* Haraka na vyepesi. Kasoro iko kwenye bawaba na kwenye kipimo. Kikiwa kikubwa kinachomoka, kikiwa kidogo kinapasuka.

*Vya alumini vya kukaza kwa nyuzi.* Imara sana, lakini nyuzi zake huenea darubini ya aina yake tu. Usinunue kwa kukisia.

*Vya kuona kupitia.* Vina kioo cha plastiki angavu. Vinasaidia kuangalia kwa dharura bila kufungua, lakini vyenyewe huchubuka na kupunguza mwanga. Visitegemewe alfajiri.

*Vya darubini ya mkono.* Nyuma kuna kofia moja ya mvua inayofunika macho yote mawili, mbele kuna vifuniko viwili vyenye pete za mpira. Kwa vikundi vya ulinzi wa mashamba, hivi ndivyo mnavyovihitaji.

Namna ya kupima bila kukosea

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Darubini imeandikwa 3-9x40. Mnunuzi anaagiza kifuniko cha milimita 40, na hakiingii. Sababu ni kwamba 40 ni upana wa lenzi ya mbele, si wa mrija unaoishikilia. Kifuniko hubana mrija kwa nje.

Fanya hivi:

1. Kata kipande chembamba cha karatasi, kizungushe ncha ya mbele ya darubini, na uweke alama pale kinapokutana.
2. Kinyooshe, pima kwa rula kwa milimita.
3. Gawa kwa 3.14.

Mfano: umepata milimita 150. Gawa kwa 3.14, unapata karibu 48. Darubini ile ya "40" inahitaji kifuniko cha milimita 48. Rudia kwa upande wa jicho, kwa sababu pande mbili hazilingani. Mara nyingine upande wa jicho si duara kamili, basi pima upana kwa njia mbili zilizopishana.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

- Fungua na ufunge mara 20 pale pale dukani. Bawaba dhaifu hujionyesha mapema.
- Kikifunguka, kilale kabisa nyuma. Kinachosimama wima hunasa kwenye majani na kuvunjika.
- Sikiliza. Kifuniko kinachopiga "ta!" humshtua mnyama na kukutangaza.
- Angalia kama kinazuia pete ya kukuza picha isizunguke.
- Pitisha kidole ndani ya ukingo. Kuwe na mfereji au mpira unaozuia maji.
- Usikigundishe kwa supagluu. Mvuke wake huacha utando mweupe kwenye lenzi. Kikilegea kidogo, zungushia darubini mkanda mweusi wa umeme mara moja, kisha ukivishe.

Matunzo ya kila siku

Ukirudi umenyeshewa, fungua vifuniko vyote na uweke darubini kivulini penye upepo hadi ikauke. Usiianike juani. Lenzi iliyoachwa wazi ikielekea jua hukusanya mwale na inaweza kuunguza vilivyo ndani. Na kamwe usilitazame jua kupitia darubini.

Vumbi lipulizie kwanza kwa kipulizio cha mpira au lifagie kwa brashi laini safi. Baada ya hapo tu ndipo ufute, kwa kitambaa cha miwani, taratibu.

Wakati wa masika hifadhi darubini ikiwa kavu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na paketi kadhaa za silika jeli. Paketi hujaa maji baada ya muda, kwa hiyo zibadilishe. Chembe zake zinaweza kutolewa na kukaushwa kwenye chombo kisichopikiwa chakula, kwa joto linalozidi kidogo nyuzi 100. Mkoba wa ngozi usiuweke humo, kwa sababu umeshajua ni chakula cha nani.

Kwa mwenye duka

Usijaze kabati kwa vipimo usivyovijua. Zunguka na kipande chako cha karatasi. Pima darubini za kikundi cha kijiji, za waongoza watalii na za askari wa wanyamapori walio karibu, andika kwenye daftari, kisha agiza hivyo tu. Mteja uliyempimia haendi kwa mwingine.

Na jambo la sheria: kifuniko ni kifaa tu, lakini bunduki si jembe. Kwa Tanzania, umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Tembo akiingia shambani, kazi yako ni kumwona mapema na kutoa taarifa. Darubini safi inakupa dakika za kufanya hivyo, huku uzio wa pilipili au wa mizinga ya nyuki ukimchelewesha.

Darubini nzuri ya mkono ni thamani ya mbuzi kadhaa, na kifuniko chake ni bei ya kuku au chini ya hapo. Kabla masika hayajaanza, chukua kipande cha karatasi na rula, pima za kikundi chenu zote siku moja, na mmoja wenu apewe kazi ya kuzikagua kila Jumamosi. Ukikwama kwenye vipimo, niandikie namba ulizopata, mbele na nyuma, tutazipiga hesabu pamoja.